Vifuko Chini ya Ngozi

Picha ilifika Jumanne usiku, mtaa mzima ukiwa gizani kwa sababu umeme ulikatika tangu magharibi. Niliifungua kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli, bando linakaribia kuisha, chaji asilimia 11. Ujumbe ulioambatana nayo ulikuwa mfupi: kati ya sampuli 14 ulizotuma, moja tu imefaa. Pole.

Moja kati ya 14. Miezi minane ya maisha yangu ilikuwa imeishia hapo.

Picha yenyewe ilikuwa ya kijivu, kama shamba lililopigwa picha kutoka angani. Katikati kulikuwa na doa kubwa lenye madoa ndani yake, hicho ndicho kiini kikubwa. Pembeni yake kulikuwa na matundu ya chakula, na ndani ya matundu bakteria waliomezwa lakini hawajasagika. Nikaivuta kwa vidole viwili hadi kwenye ukingo wa seli. Pale kulikuwa na mistari mitatu myembamba inayokwenda sambamba. Wa kwanza ni utando wa nje wa seli. Wa pili na wa tatu ni juu na chini ya kifuko bapa, na kifuko hicho kimepakana na kingine, na kingine, kama vigae chini ya ngozi.

Niliitazama mpaka simu ikazima. Mistari ile nilikuwa nimekwisha kuiona kabla, kitabuni, kwenye seli nyingine kabisa. Seli ile nyingine ndiyo iliyomuua mdogo wangu.

*

Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa siliata wanaoelea katika maji ya Tanga. Siliata ni viumbe wa seli moja. Wengi wao hawaonekani kwa macho, na wanaogelea kwa vinyweleo vinavyopiga maji kwa zamu, kama mpunga unaolala na kuinuka upepo unapopita. Kila kinyweleo kina mirija tisa iliyopangwa kwa duara, kila mmoja ukiwa wa pacha, na miwili katikati. Ukikata kinyweleo cha siliata wa Tanga, cha koo lako au mkia wa mbegu ya mwanamume, utakuta hesabu ileile: tisa kuzunguka, mbili katikati.

Jambo la ajabu zaidi ni viini vyao. Seli zetu nyingi zina kiini kimoja. Siliata ana vya aina mbili. Kiini kidogo ni kama hati ya nyumba: imefungiwa kabatini, haiguswi, inasubiri siku ya kurithishwa. Kiini kikubwa ni fotokopi inayotembea nayo mjini kila siku, inatumika mpaka inachakaa. Siliata wawili wanapokutana na kubadilishana urithi, kile kikubwa cha zamani huvunjwa na kipya hutengenezwa kutokana na kidogo.

Baharini kazi yao ni kula wadogo na kuliwa na wakubwa. Mwaka 1983, Farooq Azam na wenzake walieleza jinsi chakula kinachoonekana kupotea baharini kinavyookolewa: bakteria hula mabaki yaliyoyeyuka majini, viumbe wa seli moja wakiwamo siliata huwala bakteria na wadogo wengine, kisha vijidudu kama kopepodi huwala siliata, na samaki wadogo huwala kopepodi. Dagaa aliye kwenye sufuria yako amepitia mikononi mwao, kama wangekuwa na mikono.

Nilipoanza nilitaka kushughulika na tintinidi tu. Ni siliata wenye nyumba. Kila mmoja hujijengea kikombe kinachoitwa lorika, hukaa ndani yake na kutoa nje taji la vinyweleo. Vingine ni vyeupe kama kioo, vingine vimebandikwa chembe za mchanga. Jina lao linatokana na neno la Kilatini la kengele ndogo. Ukiwaona mara ya kwanza kwenye hadubini unasahau kula. Ernst Haeckel, Mjerumani aliyependa kuchora viumbe vya bahari, aliwaweka katika kitabu chake cha michoro kilichokamilika mwaka 1904, na mpaka leo watu hutundika michoro hiyo ukutani bila kujua ni ya nini.

Lakini uzuri wa nyumba uliwapoteza watu njia. Mwaka 1929, Charles Kofoid na Arthur Campbell walitoa kitabu kikubwa cha kuwapanga tintinidi, na kipimo chao kilikuwa hasa umbo la lorika. Ni kama kuandika ukoo wa watu wa Muheza kwa kuangalia mapaa ya nyumba zao. Baadaye ilionekana kwamba mnyama mmoja anaweza kujenga nyumba za maumbo tofauti, na kwamba baadhi ya majina yaliyohesabiwa kuwa ya spishi mbili ni ya kiumbe kilekile aliyejenga upya. Ili kujua nani ni ndugu wa nani, ilibidi watu waache mapaa na kuingia ndani.

Kuingia ndani kwenyewe ni huku: hadubini ya elektroni, na baadaye jeni. Mwaka 1976, Denis Lynn wa Kanada alitoa hoja ninayoipenda kwa urahisi wake. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo na cha msingi katika ujenzi wa seli, ndivyo kinavyobadilika polepole zaidi katika historia ya ukoo. Umbo la nje hubadilika upesi kwa sababu ya mazingira. Mpangilio wa mirija kwenye shina la kinyweleo hukaa. Kwa hiyo ukitaka kujua udugu wa zamani, tazama kile ambacho hakuna anayekiona.

*

Tulikuwa tunatoka Sahare alfajiri, kwa mashua ya mzee mmoja aliyekubali kunipeleka kwa bei ya mafuta na chai. Wavu wangu ulikuwa wa matundu ya mikromita 20. Siku ya kwanza mzee aliushika, akaunyoosha mbele ya jua, akacheka.

"Bint'angu, neti hii hata maji yanapita kwa shida. Unavua nini?"

"Wadogo, mzee."

"Wadogo gani? Sisi tukivua dagaa kwa chandarua cha mbu tunakamatwa. Wewe wavu wako mdogo kuliko chandarua, na serikali imekupa kibali."

Nilicheka naye, lakini neno chandarua lilinikaa.

Kumhifadhi siliata kwa hadubini ya elektroni ni kazi ya kukatisha tamaa. Unamuua kwa glutaraldehaidi kwa haraka kiasi kwamba asipate muda wa kubadilika. Kisha osimiamu, ambayo hushika mafuta ya utando na kuutia weusi, kisha alkoholi hatua kwa hatua mpaka maji yote yaishe, kisha resini inayogeuka ngumu kama kipande cha plastiki. Baada ya hapo mtu mwenye mashine na kisu cha almasi anakata vipande vya unene wa nanomita 70 hivi. Unywele mmoja wa kichwani kwako, ukiukata kwa unene huo kwa urefu wa upana wake, utapata vipande kama 1,000.

Chuoni kwetu niliweza kufanya nusu ya kazi hiyo. Nusu nyingine ilibidi ifanyike nje ya nchi, kwa hisani ya watu ambao mwalimu wangu aliwaandikia barua pepe mara nne.

Tintinidi hawakuwa na subira na mimi. Wakishtuliwa, wengi huacha nyumba zao na kwenda. Nilikusanya makumi ya vikombe vizuri kabisa, vitupu. Ndugu zao wasio na nyumba, oligotriki, walipasuka pale dawa ilipowagusa, kama povu la sabuni. Kusi liliposhika, mashua haikutoka wiki tatu. Niliporudi maabara nilikuta friji limezimwa na mtu aliyetaka kuchaji simu.

Kilichobaki kilikuwa chupa moja ya maji ya bahari niliyoiweka dirishani na kuitupia punje tatu za mchele. Ni mbinu ya zamani: mchele huoza, bakteria huongezeka, na siliata wanaokula bakteria huja juu yao. Baada ya siku chache maji yalijaa viumbe vidogo vyenye umbo la yai, urefu mikromita 30 hivi, vinakwenda mbio, vinasimama, vinakwenda tena, kila kimoja na kinyweleo kirefu nyuma kama mkia. Uronema. Hana nyumba. Hana taji. Katika maji safi ya bahari anakaa karibu na chochote kinachooza, na kwenye matangi ya samaki anajulikana kwa kuwaugeuza samaki wagonjwa kuwa chakula. Nikamhifadhi kwa sababu alikuwepo.

Yeye ndiye aliyefaa.

*

Mama yangu anaishi Muheza na anauza machungwa. Tangu nianze shahada hii amekuwa akiniuliza swali moja kila tunapoongea kwenye simu, baada ya salamu na habari za shangazi: "Na hivyo vidudu vyako vinatibu nini?"

Nilikuwa na majibu yaliyoandaliwa. Nilimwambia habari za Tetrahimena, siliata wa maji baridi. Katika kiumbe huyo, mwaka 1978, Elizabeth Blackburn na Joseph Gall walieleza muundo wa ncha za kromosomu, na mwaka 2009 Blackburn akapata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi iliyoanzia pale. Mama alisikiliza vizuri. Akasema, "Huyo ni wa Wazungu. Mimi naulizia vyako."

Sikumwambia kwamba nilichagua vyangu ili kukwepa vingine. Niliposoma shahada ya kwanza, watu waliponiuliza kwa nini mtoto wa Muheza asisome malaria, nilisema napenda bahari. Ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba katika somo la vimelea nilitoka nje ya darasa siku ya slaidi za damu, nikasimama chooni mpaka kipindi kikaisha.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa na 11. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua za masika, mbu wamejaa hata mchana. Homa ilimwanza Ijumaa. Jumamosi mchana macho yakageuka, mwili ukakakamaa, mikono ikawa inarukaruka. Bibi jirani alisema neno ambalo kila mtu pale alilijua: degedege. Na kwa degedege kila mtu pale alijua pa kwenda. Si hospitali. Walisema sindano humuua mtoto mwenye degedege. Mama alimfunga mgongoni akaenda kwa mganga, mimi nikimfuata na chupa ya maji. Akafukizwa, akapakwa, akatulia kidogo. Usiku ikamrudia. Jumapili asubuhi tulifika hospitali kwa baiskeli ya mjomba. Waliweka tone la damu yake kwenye kioo. Daktari alisema malaria imepanda kichwani na damu imepungua sana. Alifariki saa nane mchana.

Mama hakuwahi kulizungumza tena. Na hakuna aliyemuuliza.

*

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliolinganisha jeni za ribosomu za viumbe mbalimbali walikuta makundi matatu yanakaa pamoja kwenye mti wa ukoo, makundi ambayo hakuna mtu angeyaweka chumba kimoja. La kwanza ni siliata. La pili ni dinoflagelata, ambao baadhi yao hung'aa baharini usiku na wengine hutia maji sumu. La tatu ni apikompleksa, na humo ndimo alimo Plasmodium, kimelea wa malaria. Thomas Cavalier-Smith aliwapa jina Alveolata mwaka 1991, kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hadubini ya elektroni ilikuwa imekwisha kukionyesha kwa wote: vifuko bapa chini ya utando wa nje. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba hata aina ya protini zinazoshikilia vifuko hivyo ni moja, kwa siliata, kwa dinoflagelata na kwa kimelea.

Kila jamaa amekitumia kifuko kwa namna yake. Siliata wengi hukiweka kama nguo ya ndani inayoipa seli umbo. Baadhi ya dinoflagelata hukijaza vipande vya selulosi, kikawa deraya. Plasmodium amekifanya kuwa mahali pa kukanyagia. Mtambo wa protini unaomsukuma kuingia katika chembe nyekundu ya damu umefungwa kwenye vifuko vile. Bila hivyo asingekuwa na pa kujikaza, na mlango wa chembe usingefunguka.

Kuna la pili. Novemba 1880, huko Constantine nchini Algeria, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa anatazama damu ya askari mwenye homa. Wenzake walidhani madoa meusi yanayoonekana kwenye damu za wagonjwa ni uchafu tu wa ugonjwa. Laveran akaona nyuzi zinachomoza kwenye kimojawapo na kupigapiga kwa nguvu, zikisukuma chembe za damu huku na huku. Uchafu haupigi mkia. Hapo akajua anatazama kiumbe hai. Nyuzi zile zilikuwa mbegu za kiume za Plasmodium, na katika maisha yake yote hapo tu ndipo anapotoa mikia. Ukiukata mkia ule: tisa kuzunguka, mbili katikati.

Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Niliyajibu kwenye mtihani na nikapata A. Lakini kuyasoma ni tofauti na kukaa gizani kwenye ngazi za hosteli, mbu wakikuimbia sikioni, ukitazama ukingo wa seli uliyoikuza mwenyewe kwa punje tatu za mchele, ukaiona ile mistari mitatu. Nilikuwa nimekimbia miaka saba kutoka damuni hadi baharini, na jamaa yake alikuwa ananisubiri kwenye chupa dirishani.

*

Wiki ya Pasaka nilikwenda nyumbani. Picha nilikuwa nimeichapisha kwenye karatasi ya A4, kwa ajili ya mwalimu. Mama aliiona ikichungulia kwenye begi.

"Hiki ndicho kidudu?"

"Ndicho, mama. Kipande chake."

Aliichukua akaigeuza juu chini. Nikamwonyesha kiini, matundu ya chakula, bakteria. Nilipofika ukingoni nilitaka kupita haraka. Kisha nikafikiri, kama sitamwambia leo, nitaendelea kumwambia habari za Blackburn mpaka nizeeke.

"Hivi vifuko," nikasema, "na kidudu cha malaria anavyo. Vilevile. Ni ukoo mmoja, wa zamani sana. Waliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Huyu akabaki baharini, yule akaingia ndani ya wanyama."

Mama alinyamaza. Alikuwa na kisu mkononi, alikuwa anamenya chungwa.

"Kwa hiyo kile nacho ni kiumbe," akasema baadaye. "Kina mwili."

"Kina mwili, mama."

"Na kinaingia kwenye damu. Chenyewe. Kwa mbu."

"Chenyewe."

"Si dege."

"Si dege, mama. Degedege ni kichwa kinachochemka kwa sababu ya kile kidudu."

Akaweka kisu chini. "Siku ile ningeanza hospitali," akasema, "angepona?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu nina miaka 11, na nilidhani nikilisikia nitakuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya saa 24 za kuzidiwa, hata akiwa kitandani hospitali. Ni kweli. Ningeweza kumwambia kwamba kila saa ina maana. Ni kweli pia. Kweli zote mbili zilikuwa mezani, na hakuna iliyokuwa yangu kumchagulia.

"Huenda," nikasema. "Na huenda isingekuwa hivyo. Lakini ulimfunga mgongoni ukatembea, mama. Mimi nilikuwa nyuma yako, niliona. Ulimpeleka pale ambapo kila mtu alikwambia ndipo."

Hakulia. Alitazama picha tena, akaweka kidole kwenye ile mistari, kidole chenye utomvu wa chungwa, kikaacha alama. Kisha akauliza kama mwalimu wangu atakasirika kwa karatasi kuchafuka. Nikamwambia nitachapisha nyingine.

"Hii niachie," akasema.

Asubuhi alinisindikiza mpaka stendi. Alikuwa amenifungia machungwa kwenye mfuko wa salfeti, na juu yake kifurushi kidogo cha gazeti kilichofungwa kwa uzi. Gari lilipofika Hale nikakifungua. Ulikuwa mchele, kama vikombe viwili. Nikampigia.

"Mama, huku mchele upo."

"Huo si wako wewe," akasema. "Ni wa hivyo vidudu. Usiwape wa plastiki."